Zao Jipya Lijaribiwe Chuoni Kwanza

(Mazungumzo na vikundi vya wakulima, akina mama na vijana, Subukia)

Tutafuata njia yetu ya siku zote: kwanza tuone, halafu tupime, mwisho tutende.

KUONA

Leo tunaongea juu ya mmea ambao wengi hapa hawajauona kwa macho. Unaitwa hopsi. Ni mmea wa kupanda juu kama maharagwe marefu au pasheni, nao hutoa vikonyo vya kijani vyenye harufu kali. Vikonyo hivyo hukaushwa, kisha hutiwa katika bia ili kuipa uchungu na kuifanya ikae bila kuharibika upesi.

Msimu uliopita alikuja kwetu mgeni mwenye gari na karatasi za rangi. Alisema mambo mawili: kwamba viwanda vya bia haviwezi kufanya kazi bila hopsi, na kwamba hopsi inayotumika Kenya huagizwa kutoka nje. Kwa hiyo, akasema, mkulima wa kwanza kuipanda atatajirika. Kilichobaki ni kulipa pesa za miche.

Sasa sikieni. Mambo hayo mawili ni ya kweli. Hapo ndipo penye hatari. Uongo mtupu mkulima anaujua, lakini ukweli nusu humnasa.

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuja ofisini kutuuliza, "Walimu, tulipe ama tusilipe?" Na hapa lazima tukiri kosa letu. Hatukuwa tunajua lolote juu ya hopsi, na badala ya kusema hatujui, tulisema, "Jaribuni, nani ajuaye?" Mama mmoja akauza mtamba wake. Miche ililetwa, akaipanda, akaiwekea mbolea ya ng'ombe na fito ndefu. Ikapanda mpaka kifuani, ikatoa maua machache, ikasimama. Mgeni hajaonekana tena.

Tulipomtembelea, yule mama alituuliza, "Mbona mmea umechoka kabla ya kufanya kazi?" Nyumbani aliambiwa ni uvivu wake. Yeye mwenyewe alianza kuamini kwamba alikosea mbolea. Mazungumzo haya ni jibu letu kwake. Tumechelewa kulitoa, lakini ni haki yake.

KUPIMA

Hopsi huhesabu urefu wa mchana. Mchana ukiwa mrefu, huendelea kurefuka na kutoa matawi. Mchana ukipungua, huacha kurefuka na kuanza kutoa maua. Kule Kent, kusini ya Uingereza, ambako hopsi imelimwa kwa karne nyingi, mwezi wa Juni jua hukaa zaidi ya saa 16. Mmea hupanda nyaya mpaka mita 5 hivi kabla ya kufikiria maua. Tena kule kuna baridi kali ambayo huupumzisha kila mwaka.

Na sisi? Mstari wa Ikweta unapita hapa hapa kwetu. Mchana wetu ni saa 12 hivi, Januari mpaka Disemba. Hopsi ikiota Subukia inaona kila siku kama mwisho wa msimu. Inatoa maua ikiwa bado mtoto. Mama yetu hakukosea mbolea, wala hakuwa mvivu. Hakuna jembe linaloweza kurefusha mchana.

Je, jambo hili linaweza kushindwa na elimu? Linaweza, kwa kiasi. Huko Afrika Kusini, karibu na mji wa George, walianza kulima hopsi tangu miaka ya 1930. Wako mbali na Ikweta kuliko sisi, na wakati wa kiangazi mchana wao hupita saa 14 kidogo, lakini hata huo haukutosha. Wakulima walilazimika kuwasha taa za umeme mashambani ili kuudanganya mmea. Baadaye watafiti walizalisha aina zao wenyewe zinazovumilia mchana mfupi, moja ikiitwa Southern Brewer. Angalieni basi: kampuni kubwa ya bia, umeme, wataalamu, na miaka mingi sana. Mama mwenye mtamba mmoja angeweza nini?

Hapa ndipo tunafika kwenye chuo kikuu. Kulikuwa na chuo huko Kent kilichoitwa Wye. Kilianzishwa mwaka 1447 na Kardinali John Kempe, kiwe nyumba ya mapadre na mahali pa kufundishia. Karne nyingi baadaye, mwaka 1894, majengo yale yakawa chuo cha kilimo, ambacho kiliingia chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwalimu mmoja wa hapo, Profesa Ernest Salmon, alianza kuzalisha hopsi mpya mwaka 1906 katika bustani ya chuo.

Mwaka 1916 aliletewa kipande cha hopsi ya mwituni kutoka Manitoba, Kanada. Mbegu zake zilizaa mche mmoja mwaka 1919 ambao baadaye uliitwa Brewer's Gold. Ulitolewa kwa wakulima lini? Mwaka 1934! Miaka 15 mche huo ulipimwa. Unazaa kiasi gani? Unaugua? Ladha yake inakubalika kiwandani? Na kwa kila mche uliokubaliwa, mingine mingi iling'olewa na kutupwa. Baadaye, ugonjwa wa mnyauko uliposumbua mashamba ya Kent, chuo hicho hicho kilitoa mwaka 1972 aina iliyouvumilia, Wye Target.

Chuo cha Wye kilifungwa mwaka 2009, lakini somo lake halijafungwa. Miche iliyokufa pale haikumnyima mtu chakula. Hakuna mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo kwa sababu mche namba fulani ulinyauka. Shamba la chuo ni mahali ambapo zao linaruhusiwa kushindwa. Shamba la nusu eka la mama yetu haliruhusiwi.

Nasi hatuna haja ya kwenda Uingereza. Egerton iko Njoro, katika kaunti yetu ya Nakuru. Ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Maharagwe ya Chelalang, Tasha na Ciankui yalitoka kwa watafiti wa chuo hicho. Yalipimwa kwanza, ndipo yakapewa mkulima.

Lakini tusidhani kwamba mmea ukikubali udongo, mambo yamekwisha. Wazee wanakumbuka pareto. Iliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ikapenda baridi ya nyanda zetu za juu, na kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani. Pareto ilisomesha watoto na kujenga nyumba. Halafu malipo yakaanza kuchelewa, miezi ikawa miaka, na wakulima wakang'oa. Mmea haukuwa na kosa. Mnunuzi alikuwa mmoja, na mkulima hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Ni sheria ya mwaka 2013 iliyofungulia wanunuzi wengine njia. Kwa hiyo vipimo ni viwili: kipimo cha udongo na kipimo cha mfuko. Hopsi ingeshindwa cha kwanza hapa kwetu. Hata kama ingepita, bado wanunuzi wake ni viwanda vichache, na vikonyo vikivunwa lazima vikaushwe upesi kwa moto wa kiasi, la sivyo vinaoza. Nani kati yetu ana tanuri hiyo?

Kumbukeni pia mibono, ile jatropha iliyosifiwa kwamba itatupa mafuta ya magari. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa hapa Kenya, wakiwemo wataalamu wa misitu, ulionyesha kwamba haimfai mkulima mdogo kama zao la shambani, labda kama ua tu. Wengi walikuwa wamekwisha panda. Na kware je? Mwishoni mwa 2013 kila mtu alitaka mayai ya kware. Mwaka uliofuata yalikosa wa kuyanunua. Miongoni mwa waliopata ni wale waliouza kware wa kufugwa. Shika neno hilo: katika mambo haya, anayepata mapema ni muuza mbegu.

Kijana mmoja alituuliza kama Mkristo anaweza kulima mmea wa pombe hata kidogo. Ni swali zuri, maana tunajua jinsi ulevi unavyobomoa nyumba zetu. Hopsi yenyewe hailevyi. Kinachotoa kileo ni nafaka iliyochachuka, na majirani zetu wa Mau Narok wanalima shayiri ya bia miaka nenda miaka rudi. Mtakatifu Hildegard wa Bingen, mtawa wa karne ya 12 ambaye Papa Benedikto wa XVI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012, aliandika kwamba uchungu wa hopsi huzuia vinywaji kuharibika. Kwa hiyo dhambi haiko katika jani. Iko katika kumtwika maskini hatari ambayo tajiri ameikataa. Yule mgeni mwenye gari hakupanda hata mche mmoja katika shamba lake mwenyewe.

KUTENDA

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama. Hatukuketi. Sasa tuketi. Tunapendekeza kila kikundi kikubali mambo haya manne kabla ya kutoa hata shilingi.

Kwanza, tuulize zao hili limejaribiwa wapi. Jibu liwe na jina la mahali na idadi ya misimu, tena mahali penye hali kama yetu. "Linafanya vizuri ng'ambo" si jibu.

Pili, tutume watu wawili wa kikundi, mmoja mwanamke, waende wakauone mmea ukiwa umesimama shambani na kuongea na aliyeupanda. Wakitaka ushauri, wapite Njoro na kwa afisa wa kilimo. Nauli ya watu wawili ni ndogo kuliko bei ya mtamba.

Tatu, tumjue mnunuzi kwa jina, na makubaliano yawe kwa maandishi. Anayeuza miche na kuahidi kununua mavuno, tumwombe alipwe nusu sasa na nusu siku ya mavuno. Akikataa, amekwisha kutujibu.

Nne, tukiamua kujaribu, tujaribu pamoja kwenye kipande kidogo, sehemu ambayo ikipotea hakuna atakayelala njaa. Mahindi, viazi na nyasi za ng'ombe zisiguswe.

Nasi wafanyakazi wa maendeleo tunajiwekea sheria moja: tukiulizwa jambo tusilolijua, tutasema hatujui, na tutaomba wiki mbili tukatafute. Neno "jaribuni" ni jepesi kwa asiyelipa.

Juu ya mtamba wa mama yetu, kikundi chake kimeamua kumpa zamu ya kwanza katika mzunguko wa ndama unaokuja. Sisi nasi tumechanga katika mfuko huo, maana kosa lilikuwa letu pia. Fito zake hazikupotea. Amepandia maharagwe ya kupanda juu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni zao gani au mradi gani uliowahi kuja kwetu kwa sifa kubwa? Nani alipata faida, na nani alibaki na hasara?

2. Jirani akipata hasara kwa kujaribu jambo jipya, sisi humlaumu ama humsaidia? Kwa nini?

3. Kikundi chetu kitamtuma nani kuuliza, na nauli itatoka wapi?

Mungu awabariki, na Mama Maria wa Subukia awaombee.