Daftari la Chama Lisikae Mfukoni mwa Mtu Mmoja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa matawi ya Kitale na Bungoma)



Leo twataka kusema juu ya kumbukumbu za chama chetu. Mtakumbuka mwenzetu wa Bungoma aliyeitwa na tajiri wake ajieleze. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yataka mtu aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, tena awe na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama karibu naye. Mjumbe alikwenda, lakini mikono mitupu. Kesi ya namna ile ile tulikwisha kuishinda Kitale, na barua zake zote zilikuwa katika simu ya katibu wa zamani. Simu iliibwa stendi. Mwenzetu akapoteza kazi. Hatusemi kwamba barua zile zingemwokoa, ila tuliona haya sote.

Ndiyo sababu sasa tuna wiki. Si wiki ya siku saba! Neno hili ni la Kihawaii, maana yake upesi, na Mmarekani Ward Cunningham alilitumia mwaka 1995 kwa kurasa ambazo wasomaji wenyewe waweza kuzisahihisha. Sisi twatumia programu iitwayo DokuWiki, iliyotoka mwaka 2004. Ni programu huria: haina ada, na fundi aweza kuifungua aone inavyofanya kazi. Kurasa zake ni maandishi ya kawaida katika mafaili, hivyo hata programu yenyewe ikifa, maneno yetu yatasomeka. Kila badiliko lawekwa pamoja na jina la aliyelifanya. Mtu akifuta kifungu cha mapatano, kwa kosa au kwa makusudi, twakirudisha.

Wengine wameuliza, kwa nini tusiyaweke kwa kampuni ya nje, bure? Mpangaji hana amri juu ya kufuli. Kompyuta yetu ni kuukuu, lakini ni yetu. Imekaa ofisi ya Kitale, na Bungoma huifikia kwa intaneti.

Msidhani ni raha tupu. Stima ikikatika Kitale, Bungoma hawasomi kitu. Tena programu yataka kutiwa marekebisho kila yatokapo, la sivyo wezi wa mtandaoni wataingia. Kazi hiyo aijua kijana mmoja tu, na hapo tumerudi pale pale pa simu ya katibu. Kwa hiyo twaomba Bungoma itoe watu wawili wajifunze. Kila Jumamosi nakala ya kurasa zote itapelekwa kwao katika flashi, ifungiwe sandukuni. Habari za ugonjwa na za nyumbani kwa wanachama zisiandikwe humo. Iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwako, iko heshima.

Kitale wameandika mengi, Bungoma machache mno. Tuleteeni mapatano ya mishahara na kesi mlizoshinda, na mlizoshindwa pia, maana hizo ndizo hufichwa. Majina ya hao wawili tutayapokea kabla mkutano haujafungwa.