KUBADILI NYAYA ZA STIMA KATIKA MOTELI KUUKUU
Hotuba kwa wanachama wa mahoteli na mafundi wa stima



Safari hii walioleta malalamiko si mafundi. Ni akina mama wa dobi na wale wanaosafisha vyumba. Wasema kwamba wakishika bomba la shawa na mikono yao ina maji, mwili husisimka. Mwajiri akiambiwa hujibu kuwa fedha hana, na akilazimishwa atafunga moteli na kila mtu aende kwao. Basi mfanya kazi aogopa stima, lakini kukosa kazi akuogopa zaidi, naye hunyamaza.

Neno hilo "nitafunga" ndilo tunalotaka kulijibu.

Moteli tunayoisema, na jina lake hatulitaji, iko kando ya njia kuu, ina vyumba 20. Ilipojengwa, kila chumba kilipewa taa na soketi moja ya matundu ya duara. Nyaya zake zilivikwa mpira. Mpira huo ukikaa miaka mingi katika joto hukauka. Ukiukunja wavunjika kama ganda la njugu, na shaba hubaki uchi. Huanza kuharibika juu ya taa na chini ya mabati, mahali ambapo hapana mtu atazamaye.

Siku hizi vyumba hivyo vimetiwa shawa za stima na mabirika. Shawa moja ya wati 5,400 kwa volti 240 hula ampea 22 na nusu. Waya uliowekwa kwa ajili ya taa hauwezi mzigo huo. Fyuzi ikaungua kila jioni, wageni wakapiga kelele, mtu akatia kipande cha waya mnene badala ya waya wa fyuzi. Kelele zikaisha, ni kweli. Lakini sasa kitakachoungua si fyuzi tena, ni waya ulio ndani ya dari, na mgeni amelala chini yake.

Jambo la kwanza halina gharama: shawa inayorusha stima izimwe na kufungiwa leo, na mabirika yatolewe vyumbani. Balbu 20 za wati 60 hula wati 1,200. Zile za LED za wati 9 hula 180 tu. Hiyo yapunguza bili, lakini tusidanganyane, haiponyi waya mbovu.

Halafu kila mstari upimwe peke yake kwa mega ya volti 500, vyombo vyote vikiwa vimechomolewa, na hesabu iandikwe kitabuni. Mstari usiofika megohmu 1 wapaswa kushukiwa. Bila kipimo hiki mwajiri ataambiwa abadili nyumba nzima kwa siku moja, na hapo ndipo anapotishika.

Kazi yenyewe ianze na waya wa ardhi, ubao mpya wa sakiti breka, na ile swichi ya ulinzi ambayo mafundi huiita RCD, inayokata stima ikivuja miliampea 30. Mjue kwamba ikifungwa juu ya nyaya mbovu itakata mara kwa mara, na pana watu watakaotaka kuiruka. Msikubali. Kila shawa itakayobaki ipate waya wake na breka yake.

Vyumba vifuate vinne vinne, wakati wageni ni wachache. Vinne vikifungwa, 16 vyaendelea kuingiza fedha. Mara tano kazi imekwisha. Tena majengo mengi ya zamani yana mifereji ya chuma ndani ya kuta. Ikiwa haijaoza, nyaya mpya zavutwa humo bila kubomoa plasta, na kubomoa ndiko kunakomaliza fedha. Ila mfereji usitegemewe tena kuwa waya wa ardhi, maana viungo vyake vimeshika kutu. Uvutwe waya mpya.

Pa kubania si kwenye waya wala fundi. Waya uwe na alama ya KEBS, na fundi awe na leseni ya EPRA, si askari wa lango mwenye bisibisi. Fundi naye azime swichi kuu, aifunge, na ufunguo akae nao mfukoni mwake.

Kama mwajiri akataa hata kupima, ipo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Mfanya kazi akimweleza msimamizi hatari iliyo karibu na kubwa, hapaswi kurudishwa mahali pale kabla ya kutengenezwa. Elezeni kwa maandishi, mtie tarehe, nakala ibaki kwa mwakilishi wenu.

Akikubali kuanza, ombeni chumba cha dobi kitangulie mbele ya vyumba vya wageni. Mle sakafu haikauki mchana kutwa, na pasi hazizimwi.