MTOTO ANAYEPIGA CHAFYA SI MVIVU, WALA SI KIMEO

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa Ushirika wetu. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.)



Leo sina maneno ya mbolea wala ya madeni. Hayo Mhasibu atayasema, na najua mtamsikiliza kuliko mimi. Nataka kusema habari ya watoto wetu na mbelewele.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mahindi hutoa mbelewele mwezi wa Februari na Machi. Sasa basi, tangu zianze kumwagika, watoto wanapiga chafya kila asubuhi, macho mekundu, wanajikuna pua mpaka inachubuka. Usiku kikohozi. Kuna mtoto amebakizwa nyumbani wiki nzima, na kuna mwingine amepelekwa shule kwa fimbo.

Huyo wa fimbo ni mjukuu wangu. Naona aibu, lakini afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasema ninyi kisimani. Kila nilipomtuma shambani alirudi anafikicha macho. Nikasema huyu mvivu, anafanya makusudi. Nikamchapa. Kumbe mtoto anaumwa.

Mganga wa zahanati ndiye aliyenifumbua macho. Ugonjwa huu unaitwa mzio, wengine husema aleji. Maana yake mwili wa mtu mmoja unaliona vumbi la maua kama adui, unapigana nalo: pua inatoa maji, macho yanavimba, kifua kinabana. Ndugu yake wa tumbo moja huenda asipate kitu. Hauambukizi, ila unafuata ukoo. Mzazi akiwa na pumu, mtoto naye huenda akawa na mzio. Na si mbelewele peke yake. Yako maua ya majani ya porini, liko vumbi la kupukuchua mahindi mwezi wa Julai, yako mablanketi yasiyoanikwa juani, na moshi wa jikoni unazidisha ubaya wa yote. Vumbi la mbelewele ni zito, sehemu kubwa huanguka karibu na shamba. Lakini sisi tumepanda mpaka mlangoni! Ukifungua dirisha, hindi linachungulia kitandani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisimamisha hapa. Wapo wanaosema kikohozi kisichokwisha ni kimeo, basi kikatwe. Jamani, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Mimi ninacho, na Mwenyekiti anacho. Kukikata hakuondoi mzio, wala pumu, wala homa ya mapafu. Mtoto hutokwa damu, kidonda huoza, pepopunda huweza kuingia, na wako waliokufa. Halafu mtoto akiacha kukohoa baada ya mwezi, watu husema fundi yule ni hodari. Hodari gani? Mbelewele zimekwisha!

Wiki iliyopita nilisikia kuna nyumba imekwisha kumwekea fundi kuku wake. Nilikwenda usiku ule ule, tukakaa mpaka saa nne. Sitaitaja nyumba. Kuku yupo hai, na mtoto alifika zahanati asubuhi.

Tutatambuaje? Mafua ya mzio kwa kawaida hayana homa. Kamasi ni maji matupu, macho na pua vinawasha, tena yanarudi majira yale yale. Mtoto wa namna hii akiweza, aende shule. Mwalimu amekubali kumweka mbali na wanaofagia. Akirudi anawe uso na mikono, abadili nguo. Macho yawekewe kitambaa cha maji baridi. Pua isafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja na chumvi nusu kijiko cha chai. Msimtie majani wala maziwa machoni. Dawa ipo zahanati, nayo ipimwe kwa mtoto mwenyewe, msigawane na jirani. Nyingine huleta usingizi, msiseme amelogwa.

Lakini mtoto anayehema haraka, hapana kungoja. Akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Wa mwaka 1 mpaka 5, pumzi 40 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 mpaka mwaka mmoja, ni 50. Chini ya miezi 2, ni 60. Hata wa umri wowote, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa, mbio zahanati. Katika kisomo cha watu wazima tulijifunza kuhesabu magunia. Basi tuhesabu na hii. Asiye na saa agonge kwangu, hata usiku.

Nina maombi mawili kwa mkutano. Kwanza, kamati imeweka faini kwa asiyefika shamba la pamoja. Faini ni nzuri kwa mtegaji. Lakini mama aliyebaki na mtoto anayebanwa kifua ametega nini? Ahamishiwe zamu siku nyingine, asitozwe. Na anayebaki si lazima awe mama. Nasikia wanaume mnacheka huko nyuma. Kwenye bao mnakaa kutwa bila kuchoka.

Pili, msimu ujao tuache hatua 10 kuzunguka nyumba bila mahindi, tupande maharage au viazi. Mwaka 1973 wazazi wetu walikaa vikundi kando ya redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Hatua 10 si kitu.

Jumamosi saa tatu asubuhi nesi atakuwa hapa ofisini kutuonyesha kuhesabu pumzi. Njooni na watoto.

(Mkutano umekubali ombi la zamu. La hatua 10 limebishaniwa sana, limeahirishwa mpaka mkutano wa Juni.)