DAWA YA MAUMIVU: SOMA JINA KABLA YA KUMEZA

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Musoma, Bunda na Butiama)



Leo tuzungumze juu ya kidonge. Kila mmoja wetu amewahi kwenda dukani akasema, "Naomba dawa ya maumivu." Muuzaji anakata vidonge vinne, anavifunga kwenye kipande cha karatasi, unalipa, unaondoka. Hukuuliza jina wala hukuambiwa. Je, umenunua nini?

Hebu tuwatazame watu watatu wa mkoa wetu wa Mara. Wa kwanza ni mvuvi wa Musoma. Ametoka ziwani alfajiri, kichwa kinamgonga na mwili una homa. Wa pili ni mkulima wa pamba wa Bunda. Amepalilia siku tatu mfululizo, sasa kiuno kinamuuma. Wa tatu ni bibi wa Butiama. Magoti yake yamevimba, na tangu zamani ana vidonda vya tumbo. Wote watatu wakipewa kidonge cha aina moja, mmoja anaweza kupata nafuu, wa pili akacheleweshwa matibabu, na wa tatu akaumizwa.

MAUMIVU NI MJUMBE

Maumivu ni mjumbe. Anakuja kukuambia kwamba kuna jambo mwilini. Dawa ya maumivu humnyamazisha mjumbe, lakini jambo lililomtuma linabaki pale pale.

Tumtazame mvuvi wetu. Akimeza panado, homa itashuka na kichwa kitatulia. Atasema, "Nimepona." Lakini panado haiui vijidudu vya malaria, na huku kwetu kando ya ziwa malaria ipo. Basi aende zahanati apimwe damu. Akikutwa na malaria atapewa dawa ya mseto, na ni lazima amalize dozi yote ya siku 3, hata kama siku ya pili anajisikia mzima. Mtoto mdogo mwenye homa apelekwe siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

DAWA TATU ZA KUJUA

Ya kwanza ni parasetamo, ambayo wengi tunaiita panado. Hii inafaa kwa kichwa, homa, jino na maumivu ya kawaida ya mwili. Haichomi tumbo, na mama mjamzito akihitaji dawa ya maumivu, kwa kawaida ndiyo anayopewa. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, kisha hungoja saa 6 kabla ya kurudia. Asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima, usiku na mchana. Ukizidisha, ini linaharibika, na ini likiharibika mtu anaweza kufa. Mnywaji wa pombe kali na mwenye ugonjwa wa ini waulize kwanza kwa mganga. Mtoto hupewa kwa kipimo cha uzito wake. Usimkatie kidonge kwa kukisia.

Ya pili ni ibuprofeni na ndugu yake diklofenaki. Hizi zinafaa pale palipovimba: mguu ulioteguka, kiungo kilichovimba, na hata maumivu ya hedhi. Mkulima wetu wa Bunda, kama ni mzima wa tumbo na figo, anaweza kutumia ibuprofeni siku chache, baada ya kula. Lakini apumzike pia, maana jembe likirudi shambani kesho, na maumivu yatarudi.

Zina hatari zake. Hukwangua tumbo hadi likatoa damu, na huumiza figo. Kwa hiyo bibi yetu wa Butiama asizitumie. Yeye aanze na parasetamo, kisha aende kituo cha afya magoti yakatazamwe. Mama mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, mwenye presha, na aliyeharisha au kutapika sana, wote hawa wasizimeze bila kuulizia.

Ya tatu ni aspirini. Nayo hutuliza maumivu, lakini huchoma tumbo na huzuia damu isigande upesi. Asiye na umri wa miaka 16 asipewe, ila daktari akiagiza. Mwenye vidonda vya tumbo naye aiache.

KISOMO CHAKO KINAFANYA KAZI HAPA

Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika kwenye redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Sisi nasi tutoke na jambo moja: kusoma pakiti.

Pakiti huwa na majina mawili. Jina kubwa ni la kiwanda, la kuuzia. Jina dogo la chini ndilo la dawa yenyewe. Utaona limeandikwa Paracetamol, Ibuprofen, Diclofenac au Aspirin. Lisome herufi kwa herufi. Kwa nini? Mtu anameza panado kwa kichwa, halafu anameza dawa ya mafua yenye jina lingine kabisa. Kumbe ndani ya ile ya mafua mna parasetamo pia. Amemeza mara mbili bila kujua!

Tafuta pia herufi EXP. Zinaonyesha mwisho wa matumizi. Mwezi na mwaka ule ukipita, dawa hiyo iache. Na ukikatiwa vidonge vichache, mwambie muuzaji, "Ndugu yangu, naomba nione boksi lake." Si ukorofi huo, ni haki yako. Nunua kwenye duka la dawa muhimu lenye kibali, usinunue mnadani.

MAUMIVU YASIYONYAMAZISHWA

Yapo maumivu ya kupeleka hospitali bila kungoja:

1. Kichwa kinauma, shingo imekakamaa, au mtu anaweweseka.
2. Mama mjamzito anaumwa kichwa sana na macho yanaona ukungu. Huenda ni kifafa cha mimba.
3. Kifua kinabana.
4. Tumbo linauma sana na limekuwa gumu, au mtu anatapika damu.
5. Mtoto wa selimundu amepata maumivu makali. Mpe maji anywe na mpelekeni mara moja.

Tumbo likiuma mara kwa mara na choo kina damu, kapime pia kichocho, hasa wewe unayeoga na kuvua ziwani. Kichocho kina dawa yake, na panado siyo.

Na mgonjwa wa saratani asiachwe alie ndani akiambiwa avumilie. Kuna dawa iitwayo mofini, ambayo daktari humpa kwa kipimo. Ulizeni hospitali.

Ndugu zangu, wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Anayemeza vidonge kila siku ili asisikie maumivu, naye anaficha maradhi. Dawa ikitumika siku 3 na maumivu yapo, acha duka, nenda zahanati.

MASWALI YA KUJADILI

1. Leteni pakiti za dawa mlizonazo nyumbani. Jina la dawa yenyewe ni lipi?
2. Kwa nini bibi wa Butiama asipewe diklofenaki?
3. Mvuvi wa Musoma amepata nafuu baada ya panado. Mngemshauri nini?