Sosi ya Saladi ya Ukwaju, Tamu na Chachu

Leo kazi ya jikoni ni ndogo. Tunatengeneza sosi ya saladi, ile ambayo ulimi unakutana na uchachu na utamu kwa mpigo mmoja, na tutaitengeneza kwa ukwaju. Kama kalamu iko mbali usihangaike, vipimo nitavitaja polepole.

Utaniuliza, kwa nini ukwaju, na siki imejaa madukani? Ukwaju ulioiva tayari una asidi na sukari ndani ya ganda moja. Asidi yake kuu ni ya tatariki, ileile iliyomo kwenye zabibu, nayo haipai hewani kama asidi ya siki. Ndiyo maana ukifungua chupa ya siki harufu inakupanda puani, lakini ukwaju unaweza kuuchemsha na uchachu wake ukabaki palepale. Wauza viazi karai wa Mombasa wanalijua hilo siku nyingi, na wapishi wa urojo kule Unguja vilevile. Sisi tunaongeza mafuta tu, kisha badala ya viazi tunamwagia majani.

Haya, kalamu. Ukwaju uliobanduliwa maganda, gramu 50, yaani bonge la ukubwa wa yai la kuku. Maji ya moto, nusu kikombe. Sukari guru iliyokunwa, vijiko viwili vya chakula. Chumvi, nusu kijiko cha chai. Unga wa haradali, kijiko kimoja cha chai. Bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, nusu kijiko cha chai. Na mafuta ya alizeti, vijiko vinne vya chakula. Pilipili ni kwa hiari yako na tumbo lako.

Loweka ukwaju kwenye yale maji ya moto kwa dakika 20. Nawa mikono, uukamue mpaka kokwa na nyuzi zibaki peke yake, kisha uchuje. Usiuchuje kwa kitambaa chembamba, maana ile nyama yake nzito tunaihitaji, nitakwambia sababu baada ya muda mfupi. Weka rojo hilo kwenye sufuria ya chuma cha pua, tia sukari guru na chumvi, uchemshe dakika tatu huku unakoroga. Sufuria ya alumini iache kabatini, kwa kuwa asidi huila na chakula hupata ladha ya bati. Ukwaju huohuo watu huutumia kusugulia vyombo vya shaba vikang'aa, kwa hiyo pima mwenyewe nguvu zake. Kuchemsha nako kuna faida ya usafi: ukwaju wa sokoni umepita mikono mingi kabla ya kufika kwako.

Ukipoa, utie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko pamoja na haradali na bizari, utikise. Mafuta yanaingia mwisho kabisa, na hapa ndipo wengi huharibu. Chumvi na sukari huyeyuka kwenye maji. Kwenye mafuta haziyeyuki. Ukitanguliza mafuta, chembe za chumvi zitalala chini ya chupa, na atakayejipakulia mwisho ndiye atakayezila zote. Basi mimina mafuta, funga, tikisa kwa nguvu mpaka rangi igeuke na sosi iwe nzito kidogo.

Kilichotokea ndani ya chupa ni hiki. Maji na mafuta havichangamani. Ulipotikisa, mafuta yalikatika yakawa matone madogo mno. Yakiachwa, matone hukutana tena, huungana na kuelea juu. Haradali huyavika matone yale yasikutane haraka, na nyama ya ukwaju, kwa kuwa ina pektini, ile inayogandisha jemu, huyapunguzia mwendo. Sosi ya ndimu na mafuta peke yake hutengana mbele ya macho yako. Hii itakungoja mpaka mle. Ikitengana usiitupe, tikisa tena tu.

Mafuta ya nazi je? Nayapenda, lakini si hapa. Huganda kwenye joto la nyuzi 24 hivi, na ukiiweka sosi kwenye friji utakuta donge jeupe limeziba mdomo wa chupa.

Sasa kuonja. Tafadhali, usionje kwa kijiko. Sosi ikionjwa peke yake lazima iwe kali, ndiyo kazi yake. Chukua jani la saladi au kipande cha tango, chovya, tafuna. Jani lina maji mengi, na maji hayo hupoza kila ladha. Ukisawazisha kwa kijiko, mezani utapata saladi iliyopooza, ukaanza kulaumu mboga. Ikiwa jani limekuwa chachu mno, ongeza sukari guru kidogo. Ikiwa jani lenyewe lina uchungu, jaribu kwanza chembe ya chumvi, maana chumvi hupunguza uchungu.

Nisisitize jambo moja kwa wenye vidonda vya tumbo: sukari haiondoi asidi, inautuliza ulimi tu. Sosi iliyo tamu mdomoni bado ni ileile ikifika tumboni. Na wenye kisukari, msidanganywe kwamba sukari guru haihesabiki. Inahesabika. Ukitumia asali badala yake, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe.

Kuhusu mboga, kabichi na karoti huvumilia. Unaweza kuzichanganya na sosi nusu saa kabla ya kula, zikalainika vizuri. Majani laini ya saladi yatie sosi mkiwa mmeshakaa mezani, na kabla ya hapo yakaushe, kwani jani lenye maji halishiki mafuta. Nyanya na tango, chumvi huzivuta maji, kwa hiyo zikikaa muda mrefu utakuta bwawa chini ya bakuli. Na wale mnaokimbia mafuta kabisa, kumbukeni kwamba ile karotini ya kwenye karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta. Kijiko kimoja cha sosi kwa sahani kinatosha.

Osha mboga zote kwa maji safi na salama kabla ya kuzikata. Asidi ya sosi haiwezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Sosi hii ikikaa kwenye friji, itumie ndani ya wiki moja. Ukiitia kitunguu saumu kibichi, fanya siku tatu tu na usiiache nje, kwani kitunguu saumu kilichozama kwenye mafuta mahali pa joto kinaweza kuzalisha sumu isiyo na harufu. Itakayobaki, mpake samaki anapokaribia kutoka kwenye makaa, si mwanzoni, la sivyo sukari itaungua kabla samaki hajaiva.