Mgeni Katika Jukwaa la Wenyeji

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa jumuiya ndogondogo

Huenda baadhi yenu mnashangaa kusikia kwamba leo tutazungumzia mpira wa miguu. Lakini haki haitafutwi mahakamani peke yake, wala amani haivunjwi na majeshi tu. Huvunjwa pia Jumapili alasiri, penye watu waliokwenda kustarehe.

1. Yaliyotupata

Miezi michache iliyopita, sisi wanne wa parokia hii tulisafiri kwa basi kuifuata timu yetu katika mji mwingine. Tulichelewa kufika. Sehemu ya wageni ilikuwa imejaa, na tiketi zilizobaki zilikuwa za upande wa wenyeji. Tukavua jezi zetu, tukazikunja na kuzificha mkobani, tukaingia kama watu wasio na timu.

Aliyekaa siku zote kwake hajui maana ya kukaa pale. Tulicheka mizaha iliyotusema sisi wenyewe. Mchezaji wetu alipoumia, waliotuzunguka walishangilia, nasi tukanyamaza. Hatukutukanwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyetujua. Hata hivyo tulikuwa na hofu, maana tulijua kwamba usalama wetu umesimama juu ya kujificha.

Kipindi cha pili timu yetu ikapata bao. Mdogo wetu alijisahau. Akaruka juu, mikono hewani. Pande zote zikawa kimya. Mtu mmoja akapaza sauti, "Huyu si wetu!" Mwingine akamkamata ukosi wa shati, na walioketi mbali wakaanza kusogea.

Hapo akainuka mzee mmoja wa mstari wa nyuma, aliyevaa jezi ya wenyeji. Akasema, "Mwacheni. Huyu ni mtani wetu, tena ni mgeni. Akiumia hapa, aibu ni yetu." Kisha akamgeukia kijana: "Kaa, mwanangu. Furahi, lakini kaa." Ukosi ukaachiwa. Mpira ulipokwisha, tulimpa shikamoo na kumshukuru, naye akatusindikiza hadi kituo cha basi, akitutania njia nzima kwamba tumewaibia na kwamba tukirudi tuje na mbuzi wa faini.

2. Tulichokumbuka njiani

Timu yetu ilikuwa imeshinda, lakini ndani ya basi hatukuimba. Kila mmoja wetu alikuwa anakumbuka jambo moja. Msimu uliotangulia, katika uwanja wa kwetu, mgeni mmoja aliketi kati yetu na jezi yake. Alifukuzwa, akachaniwa shati, akaondoka na kiatu kimoja. Sisi wanne tulikuwapo. Hatukumpiga. Tulicheka, na mmoja wetu alisema, "Angekaa kwao." Hakuinuka mzee, wala hakuinuka kijana.

Tunawaeleza haya bila kujitetea. Tulizoea kudhani kwamba asiyepiga hana kosa. Siku ile, tukiwa upande wa pili, tulitambua kwamba mgeni akizungukwa hamwogopi yule mmoja aliyemshika tu. Huwaogopa pia mamia wanaotazama wasiseme neno.

3. Mahali ambapo hakuna aliyezuia

Isidhaniwe kwamba tunakuza jambo dogo. Tarehe 29 Mei, 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, Liverpool ya Uingereza ilikutana na Juventus ya Italia. Sehemu moja ya uwanja ilikuwa imetengwa kwa watazamaji wasio na upande, lakini ilijaa Waitalia wengi, nayo ilipakana na mashabiki wa Liverpool. Mashabiki hao walipowashambulia, watu walikimbilia ukutani, wakabanwa, na ukuta ukaanguka. Walikufa watu 39.

Tarehe 1 Februari, 2012, mjini Port Said nchini Misri, wenyeji Al Masry waliifunga Al Ahly ya Cairo mabao 3 kwa 1. Wenyeji walikuwa wameshinda, hata hivyo watu waliwavamia wageni majukwaani, na walikufa watu 74. Basi asituambie mtu kwamba chuki hii huletwa na uchungu wa kufungwa.

Huko Argentina, baada ya shabiki mmoja kuuawa mwaka 2013, mashabiki wa timu ngeni walipigwa marufuku viwanjani, na hali hiyo ikadumu kwa miaka mingi. Tunaelewa sababu yake. Uhai ni bora kuliko mchezo. Lakini ni amani ya namna gani ile inayopatikana kwa kumwondoa mgeni?

4. Sheria ya utani

Sisi tunayo hazina yetu. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi. Tunalitamka neno hilo kila siku bila kulipima. Wazee wetu walijua kwamba makabila yaliyopigana zamani, au yaliyokutana katika misafara ya biashara kati ya bara na pwani, yaliweza kufanyiana utani. Mtani aliruhusiwa kukudhihaki hata mbele ya msiba, nawe hukuruhusiwa kukasirika. Lakini mtani huyohuyo alikuwa na wajibu katika mazishi yako. Aliyekucheka ndiye aliyekusaidia kukuzika.

Ndiyo maana yule mzee hakusema tu, "Mwacheni, ni binadamu." Alisema, "Ni mtani wetu." Aliwakumbusha wenzake wajibu uliomo ndani ya utani wenyewe. Leo wengi wetu tumeshika dhihaka na kuutupa wajibu. Utani usio na wajibu ni matusi, na matusi yakipata umati huwa fujo.

5. Tunachopendekeza

Hatuwaombi muache kushabikia, wala msiwatanie wageni. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila kundi la vijana wetu liendapo uwanjani liwe na mtu mzima aliyekubali mapema kuinuka inapobidi. Ujasiri haupatikani ghafla kwa asiyejiandaa. Pili, mgeni akiketi kati yetu, jirani yake wa karibu ajihesabu kuwa mwenyeji wake hadi filimbi ya mwisho. Tatu, sisi tulionyamaza siku ile tumeanza kumtafuta yule mgeni tuliyemwacha aende na kiatu kimoja. Tutakapompata tutamwomba radhi mbele yenu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile, sisi tulikuwa wageni, na tulioponywa tulikuwa ni sisi.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, umewahi kukaa mahali ambapo ulilazimika kuficha upande wako? Ulijisikiaje?
2. Ni lini ulinyamaza wakati mgeni anaonewa? Ni nini kilikuzuia kusema?
3. Mbali na uwanjani, ni wageni gani wanaoketi kati yetu wakiwa na hofu: sokoni, shuleni, kazini, hata katika jumuiya yetu?
4. Nani kati yetu yuko tayari kuwa yule mzee wa mstari wa nyuma?