Brashi ya Viatu Isiyonyonyoka

(Mazungumzo ya kikundi cha watengeneza brashi mbele ya wahitimu wa kisomo, Wilaya ya Korogwe)



Tumeombwa tueleze jinsi tunavyotengeneza brashi za viatu. Sisi tuko watu tisa, akina mama watano na wanaume wanne. Wote tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima kama ninyi. Basi msitegemee maneno makubwa. Tutaanza na aibu yetu, maana ndiyo iliyotufundisha kazi.

Brashi zetu za kwanza zilikuwa 40. Tulizipeleka mjini kwa vijana wapiga kiwi wa stendi. Walizipenda, kwa kuwa bei yake ilikuwa chini kuliko ya dukani. Tukarudi nyumbani tunaimba. Siku ya nane akaja kijana mmoja ameshika karatasi iliyokunjwa. Akaamkia vizuri, "Shikamooni wazee wangu." Tukaitikia. Akaikunjua ile karatasi. Ndani mlikuwa na nywele za brashi, nyingi. Akasema, "Nimewaletea nywele zenu. Mteja wangu ameondoka na kiatu chenye ndevu."

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Kiwi inanata, na kila unywele unaochomoka unaganda kwenye kiatu. Mteja akiona hivyo halipi, na kesho anakaa kwa mpiga kiwi mwingine. Kijana yule alikuwa anapoteza chakula chake cha siku kwa ajili ya brashi yetu.

Kabla mwezi haujaisha zilikuwa zimerudi brashi 22. Hebu tufanye hesabu pamoja. Kutengeneza brashi moja kulitugharimu shilingi 1,500. Tuliiuza shilingi 2,500. Faida ni shilingi 1,000. Brashi 18 ambazo hazikurudi zilitupa faida ya shilingi 18,000. Brashi 22 tulizorudishia watu fedha zao zilitutia hasara ya shilingi 1,500 kila moja, yaani shilingi 33,000. Toeni wenyewe. Tulikuwa chini kwa shilingi 15,000. Na katika fedha hizo zilikuwamo fedha za mwenzetu mmoja alizoweka kwa ajili ya sare ya mtoto. Usiku ule hakuna aliyeimba.

Wapo waliosema tuiache kazi hii, turudi kwenye mahindi tu. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Kwanza tumpasue mgonjwa tujue alikufa kwa nini." Basi tukachukua msumeno, tukazipasua brashi zilizorudi, moja moja.

Tuliyoyaona ndiyo haya.

Mbao ilikuwa mbichi. Tuliichukua kwa seremala Jumatatu, Jumatano tukaitoboa. Mbao mbichi ina maji ndani. Ikikauka inasinyaa na kujikunja. Sasa ikisinyaa wakati imejaa matundu, inapasuka kutoka tundu moja hadi jingine. Tena sisi tulikuwa tumesogeza matundu karibu mno. Tundu lilikuwa la milimita 6, na kati ya tundu na tundu tulibakiza milimita moja tu ya mbao. Mmeona stempu za posta zinavyochanika penye vitundu? Ndivyo zilivyochanika brashi zetu.

Siku hizi tunatumia mabaki ya mtiki tunayopata kwa maseremala. Mtiki hausinyai sana. Hata hivyo hatuuamini hivi hivi. Tunapanga vipande kivulini, chini ya paa, na kati ya kipande na kipande tunaweka fito nyembamba ili upepo upite. Kisha tunachagua kipande kimoja, tunakiandika namba, na kila Jumamosi tunakipeleka dukani kukipima kwenye mizani. Uzito tunauandika daftarini. Wiki hii gramu 310, wiki ijayo gramu 296, na kuendelea. Siku uzito unapoacha kushuka, wiki tatu mfululizo, ndipo tunajua maji yaliyokuwa ya kutoka yametoka. Mwenye duka alikuwa anatucheka. Sasa anatuuliza mwenyewe, "Leo kipande kinasemaje?"

Tukija kwenye matundu, hapo ndipo penye kazi hasa. Sikilizeni kwa makini.

Ubao wetu una urefu wa sentimita 15, upana sentimita 5, na unene milimita 20. Tunatoboa mistari mitano kwa urefu. Mstari wa kwanza matundu 13, wa pili 12, wa tatu 13, wa nne 12, wa tano 13. Jumla 63. Tundu moja na jingine katika mstari vimeachana milimita 11, ukipima kutoka katikati hadi katikati. Mstari na mstari ni milimita 9. Matundu ya mstari wa pili hayakabiliani na ya mstari wa kwanza, bali yanakaa kwenye nafasi iliyo kati ya mawili, kama mtu anavyopanda migomba kwa kupishanisha. Faida ni mbili. Mbao inabaki na nguvu, na brashi haiachi michirizi kwenye kiatu, kwa maana nywele za mstari huu zinapita pale ambapo za mstari ule hazikufika.

Zamani tulipima kwa macho. Sasa tuna kigezo cha bati. Tulikata bati kwa kipimo cha ubao, tukalitoboa kwa msumari mahali pote 63. Tunaliweka juu ya ubao, tunagonga msumari kidogo, alama zinatokea. Hata asiyejua kupima anaweza.

Keekee yetu ina sindano ya milimita 5. Tunaizungushia kitambaa na kukifunga kwa uzi, tukiacha milimita 12 za ncha. Kitambaa kikigusa ubao, tunaacha kutoboa. Hivyo tundu halitokei upande wa pili. Halafu tunachukua sindano nyembamba ya milimita 2, na katikati ya kila tundu tunatoboa mpaka nyuma. Kitundu hicho chembamba ni njia ya waya.

Hapa ndipo lilipokuwa kosa letu kubwa kuliko yote. Zile brashi za kwanza tulipaka gundi ndani ya tundu, tukasokomeza nywele, tukangoja ikauke. Lakini gundi inashika nywele za pembeni tu. Za katikati zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na zikisuguliwa siku mbili tatu, zinachomoka. Mafundi wa kale wa brashi hawakutegemea gundi. Walivuta kwa waya, na sisi ndivyo tunavyofanya leo. Unaingiza waya kutoka nyuma kupitia kitundu chembamba, unatokeza mbele kama kitanzi. Unapitisha fungu la nywele ndani ya kitanzi, nusu huku, nusu huku. Kisha unavuta waya kutoka nyuma kwa nguvu. Fungu linajikunja katikati na kuzama ndani ya tundu. Unywele ukitaka kutoka, utatokaje? Umekunjwa, na waya umeushika kiunoni.

Fungu lisiwe dogo likacheza, wala lisiwe kubwa likapasua mbao. Kipimo ni mkono. Likiingia bila kuvutwa, ongeza. Ukivuta mpaka waya unalia, punguza. Na waya uwe wa shaba, au wenye kupakwa zinki, maana waya mtupu wa chuma unaota kutu kwa maji ya matope ya viatu. Tena kila mwisho wa mstari tunafunga fundo. Mwanzoni tulitumia waya mmoja kwa matundu yote bila fundo. Waya ukikatika mahali pamoja, majirani zake wote wanalegea.

Mwisho tunafunika mgongo kwa ubao mwembamba, gundi na skrubu nne. Mtiki una mafuta, haushikani sana na gundi, kwa hiyo skrubu hatuziachi.

Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Anauliza, nywele zenyewe je? Tunakuja huko, babu.

Sisi ni watu wa Tanga, tuna katani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na humo ndimo yalimotoka mashamba yale makubwa. Kwa hiyo mawazo yetu ya kwanza yalikuwa katani. Tukatengeneza. Kwa kukwangua matope ni nzuri sana. Kwa kung'arisha haifai, inakwaruza ngozi ya kiatu. Sababu yake ni unene. Uzi ukiwa mnene mara mbili, ugumu wake hauwi mara mbili, unakuwa mara 16. Na urefu nao una kazi. Ukiongeza urefu wa unywele mara mbili, ugumu unapungua mara nane. Kwa hiyo ukiona brashi ni kali kidogo, usiitupe. Tengeneza nyingine uache nywele ndefu zaidi. Sisi brashi ya kung'arishia tunaikata nywele zibaki milimita 28. Ya kupakia kiwi ni ndogo na nywele zake ni milimita 18.

Nywele zinazosifika duniani kwa kung'arisha viatu ni za farasi. Lakini farasi kwetu ni wachache, mbung'o hawakuwaruhusu. Za nguruwe ni imara pia, na brashi nyingi za dukani ni hizo. Sisi hatuzitumii, kwa kuwa wateja wetu wengi ni Waislamu, na mtu anayo haki ya kujua anachoshika. Tunatumia singa za mkia wa ng'ombe kutoka machinjioni, na tunaandika ubaoni kwa kalamu ya moto: MKIA WA NG'OMBE. Kazi hiyo ya kuandika tunaigombania.

Singa hizo tunazifua kwa sabuni na maji ya moto mara tatu mpaka mafuta yaishe. Mafuta yakibaki, nywele zinateleza kwenye waya na zinanuka. Tunazichana kwa kitana cha misumari, tunazifunga kwenye fimbo zikiwa zimenyooka, tunazitia tena katika maji ya moto, kisha tunazianika zikiwa zimefungwa hivyo hivyo. Zinakauka zimenyooka.

Sasa jamani, tunasema jambo hili polepole. Kuna mwenzetu mmoja aliletewa mikia sita bure. Ng'ombe walikuwa wamekufa wenyewe porini. Alifurahi. Bwana mifugo alipopita akauliza, "Walikufa kwa nini?" Hakuna aliyejua. Akatuamuru tusiiguse mikia ile hata kidogo, naye akaiteketeza.

Tulimkasirikia mpaka alipotueleza habari za kimeta. Ugonjwa huo unaua ng'ombe ghafla, na vijidudu vyake vinajificha katika nywele, ngozi na udongo kwa miaka mingi. Jua haliviui. Kufua kwa sabuni hakuviui. Mtu akishika nywele hizo huku ana mkwaruzo mkononi, anaweza kupata kidonda kisichouma, chenye weusi katikati, na asipotibiwa mapema anaweza kufa. Kina mfano wake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, watu Uingereza na Marekani walipata kimeta kutokana na brashi za kunyolea ndevu ambazo nywele zake hazikusafishwa ipasavyo. Mtu ananyoa, anajikata kidogo, basi.

Kwa hiyo mkia wa ng'ombe aliyekufa mwenyewe hatuupokei, hata ukiletwa na ndugu. Tunachukua kwa mnyama aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama, na tarehe tunaiandika daftarini. Na yeyote mwenye kidonda mkononi siku hiyo hafui nywele. Anapiga msasa.

Umbo nalo tulilibadilisha, na hili halikutoka kwetu. Tulikwenda stendi tukakaa siku nzima tunaangalia. Mpiga kiwi anashika brashi mbili, moja kila mkono, anapiga haraka kama ngoma. Brashi yetu ilikuwa ya mraba, na pembe zake zilikuwa zinagonga kiatu. Vidole havikuwa na pa kukaa. Yule kijana wa ndevu alichukua mkaa akatuchorea ubavuni mahali anapotaka vidole vikae. Tukapiga randa tukafuata mchoro wake. Siku hizi brashi ya kiwi nyeusi ina alama moja ya mkato ubavuni, ya kiwi ya kahawia ina mbili, hata gizani anajua ipi ni ipi.

Bado tuna taabu. Matundu 63 mara mbili, kwa keekee ya mkono, yanakula nusu siku. Mtu mmoja anamaliza brashi mbili tu kwa siku, na ya plastiki dukani haikai kungoja. Tunakusanya fedha za keekee ya umeme, na hatujafika nusu.

Hapa mezani tumeweka brashi tatu. Moja ni katika zile zilizorudi. Ya pili ni ya katani. Ya tatu tumeimaliza jana. Njooni mvute nywele zake kwa vidole, kwa nguvu zenu zote. Ukichomoa unywele kwenye ya tatu, utuonyeshe tundu lake ni lipi, tuliandike daftarini.